Dawa Nilizompelekea Mama

Miaka ile simu za mkono zilipoanza kuzoeleka mashambani, nilikuwa nikienda kumwona mama yangu kila mwisho wa mwezi, kutoka Kitale ninakoishi hadi nyumbani kwetu karibu na Chwele, upande wa Bungoma. Sikwenda mikono mitupu hata siku moja. Sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, sabuni za mche, mikate miwili na nyama iliyofungwa kwenye gazeti. Vijana wengine wa kijiji chetu walifika na mkate peke yake na wakajiona wamefanya kazi. Mimi nilikuwa na kitu ambacho hao hawakuwa nacho. Nilimpelekea mama dawa.

Kwetu wakati ule dawa ilikuwa zawadi kubwa. Zahanati ilikuwa mbali, na ukifika unaambiwa dawa zimeisha, nenda kanunue. Kwa hivyo mwana aliyeleta dawa kabla mama hajaugua alikuwa mwana kweli kweli. Nilianza na vile vidonge vya rangi mbili, vyekundu kwa vyeusi, halafu vyekundu kwa njano. Biashara iliponyooka nikapanda hadi vile vikubwa vyeupe, vya bei, ambavyo mwenye duka la dawa aliniapia kwamba hakuna kiini cha ugonjwa kinachovishinda. Mama hakuvificha chumbani. Alivipanga sebuleni kwenye kabati ya vioo, katikati ya vikombe vya wageni, na mgeni akiketi tu anaonyeshwa.

"Hizi kijana yangu ndiye analeta kutoka Kitale. Hizo za juu ndizo kali."

Majirani walitikisa vichwa. Nami nilikuwa nikikaa kwenye kiti changu, nakunywa chai, najifanya sisikii. Nilijisikia kama mfalme, sidanganyi.

Niseme mimi ni nani, usije ukadhani nilirithi. Sikusoma. Niliacha shule darasa la tano baba alipofariki, nikaenda Kitale nikabeba magunia ya mahindi kwa huu mgongo wangu. Wenzangu wa magunia walikunywa pesa yao, mimi yangu nilinunulia vitunguu kule Cheptais nikauza Kitale. Kutoka vitunguu nikanunua ng'ombe wa gredi mmoja, akazaa, na yule akazaa, mpaka nikapata shamba Endebess, lori mbili, na nyumba ya mawe ambayo watu wakipita wanapunguza mwendo. Walimu na makarani waliosoma wananiamkia asubuhi wakitaka maziwa. Hayo yote bila kusaidiwa na mtu. Ng'ombe wangu akiugua sikuita daktari wa mifugo. Nilimtazama masikio, nikatazama kinyesi, nikachagua chupa, nikamdunga mwenyewe. Kwa hivyo nilijiona nusu daktari, na ile nusu nyingine sikuona kazi yake ni nini.

Daktari wetu wa familia aliletwa na mke wangu. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, aliyeacha kazi ya serikali akafungua kliniki ndogo ya vyumba vitatu Kitale, nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Alikuwa na mtindo wake: boma moja, faili moja. Mke, watoto, mimi, hata mama yangu siku alizokuja kututembelea, sote tuliandikwa humo. Nilimwambia mke wangu huo ni ushamba, mbona asinunue faili za kutosha? Mke wangu akasema, "Anataka kutujua." Nikasema mimi natujua tayari.

Siku ya kwanza kwenda mwenyewe nilikuwa na mafua na kikohozi, na kulikuwa na mahindi ya kupakia. Nikamwambia, "Daktari, nipe ile kali. Niko na kazi."

Akanisikiliza kifua mbele na nyuma. Akanimulika koo. Akaandika kwenye faili, akafunga.

"Mzee, haya ni mafua. Kunywa vitu vya moto, pumzika. Baada ya siku tano hivi utakuwa sawa."

"Na dawa?"

"Hakuna dawa."

"Imeisha?"

"Haijaisha. Sikupi tu. Mafua ni virusi, na hiyo unayoitaka haiui virusi."

"Si nimelipa?"

"Umelipa nikupime. Nimekupima."

Hakuna mtu Kitale aliyekuwa amenijibu hivyo tangu ninunue lori ya kwanza. Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja duka la dawa, ambako wananijua, wananiita bosi, na chochote ninachotaja kinatolewa. Nikanunua ile kali. Siku ya tano nikaamka mzima, nikamwambia mke wangu, "Unaona sasa? Hiyo ndiyo dawa."

Akacheka mpaka akashika meza. "Si yeye alisema siku tano?"

Nikatoka kwenda kwenye lori. Nilikuwa na kazi.

Mama akaanza kuugua msimu wa kupalilia. Dada yangu mdogo, ambaye anaishi naye pale nyumbani, alinipigia simu akasema Mayi, ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu, anaumwa tumbo la chini na akienda haja ndogo kunachoma. Nikamwambia ampe vile vyekundu kwa njano. Akapata nafuu kwa siku mbili, na mimi nikajisifu kwa wafanyakazi wangu kwamba nimetibu mtu kwa simu. Wiki tatu hivi baadaye ikarudi. Nikasema apewe vyeupe. Ikaisha. Ikarudi tena, safari hii na homa na maumivu ya mgongo. Nilipofika Chwele mwisho wa mwezi nilikuwa na pakiti mpya, nyingine kabisa, ambayo mwenye duka aliitoa rafu ya juu na kuipangusa vumbi. Mama akaishika kwa mikono miwili, akanibariki.

Siku chache baadaye dada yangu akapiga simu analia. Mama anatetemeka, blanketi tatu hazimtoshi, na ananiulizia mimi kama mtu anayeulizia mtoto aliyepotea. Nilichukua gari nikaenda. Nilipoingia akanitazama akaniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Tulimbeba mimi na dada yangu tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa dada, na tukaja Kitale kupitia Kimilili na Kamukuywa. Njia nzima mama alizungumza na watu ambao hawakuwemo garini.

Daktari alikuwa na chumba chenye vitanda vinne. Akampokea, akampima, akamwekea maji ya mshipani. Akaniambia viini vimetoka kwenye mkojo, vimepanda kwenye figo, na pengine vimeingia kwenye damu. Mkojo utapelekwa maabara Eldoret ambako wataviotesha hivyo viini na kuvijaribu kwa dawa moja moja, waone ipi inaviua. Majibu yangechukua siku tatu, labda nne.

Halafu akauliza, kalamu mkononi, "Ametumia dawa gani kabla ya kuja?"

Nikasema, "Za maumivu tu."

Nimefikiria neno hilo mara nyingi. Sikuwa nimekusudia kudanganya. Lakini ningesema ukweli angejua kwamba nilikuwa nikinunua nyuma yake, baada ya kunikatalia, na kwamba nilikuwa nikigawa dawa kwa simu kama peremende. Mtu mkubwa kama mimi niambiwe nini na mwanamke mwenye vyumba vitatu? Dada yangu alinitazama. Akatazama chini.

Daktari akaandika nilichosema. Akaanza na dawa ya sindano ambayo kwa kawaida, alisema, inatosha kwa ugonjwa ule.

Siku ya kwanza homa haikushuka. Siku ya pili asubuhi nilimkuta mama amefumba macho, midomo imekauka, na pumzi yake ni ya haraka kama ya ndama mwenye kifua. Daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda ameshika mkono wake. Akanitoa nje, kwenye korido, ambapo sauti ya kinu cha mahindi ilikuwa kubwa na ilibidi aseme karibu na sikio langu.

"Mzee, dawa niliyompa ingekuwa imeanza kufanya kazi. Haifanyi. Majibu ya Eldoret hayajaja na sina siku mbili za kungoja. Nikichagua dawa nyingine ambayo hivyo viini vimeshaizoea, nimempoteza. Kwa hivyo nakuuliza tena, na sikuulizi ili nikugombeze. Amekunywa nini?"

Nilijaribu kutaja, nikashindwa. Si kwa aibu tena. Sikuyajua majina. Mimi nilijua rangi.

Nikasema, "Daktari, ziko kwenye kabati."

"Kabati gani?"

"Sebuleni. Nyumbani, Chwele."

Akatazama saa. "Zilete zote. Hata pakiti tupu."

Niliendesha gari siku hiyo vibaya, Mungu anisamehe. Nyumbani jirani mmoja alikuwa akitulindia, mama mzee wa kanisa moja na mama yangu. Nilifungua ile kabati na mfuko wa plastiki mkononi nikaanza kutoa. Ndipo nikaona kitu ambacho kwa miaka yote nikiketi pale na chai yangu sikukiona. Kila pakiti ilikuwa imefunguliwa, na hakuna hata moja iliyokuwa imemalizwa. Hii imetolewa vidonge viwili. Hii vinne. Hii kimoja tu, vingine vimekaa kwenye nyumba zao kama meno.

Nikamuuliza jirani, "Kwa nini hakumaliza?"

Akanishangaa. "Amalize kwa nini? Mamako akipata nafuu kidogo anaacha. Anasema hizi ni za kijana yangu, ametoa jasho, siwezi kumaliza zote mara moja. Sisi wenyewe tukiumwa anatupatia mbili mbili. Ile nyekundu na nyeusi hata kuku wangu walipona nayo. Niliwawekea kwenye maji."

"Kuku?"

"Eh. Dawa yako ni nzuri sana, papa." Papa ni baba, ndivyo mama zetu wanavyotuita sisi vijana wao.

Nilirudi Kitale nikaumwaga ule mfuko kwenye meza ya daktari. Alivaa miwani akaanza kuzitenga, kama vile mama zetu wanavyochambua maharagwe, hizi huku, hizi kule, na kila fungu analisoma jina, anaandika. Nilisimama. Nilimweleza yote, za simu, za wiki tatu, za rafu ya juu, hata za kuku. Nilimweleza kwamba nilisema uongo. Aliendelea kuandika.

Mwishowe akavua miwani. "Wewe ni mtu wa ng'ombe. Una josho?"

"Ninalo. La simiti." Hata wakati ule sikuweza kuacha kutaja simiti.

"Mchungaji wako akichanganya dawa ya kupe nyepesi, ili isiishe upesi, nini hutokea?"

Nilijua. Nani hajui? Kupe wadhaifu wanakufa, wale wagumu wanabaki, na hao wagumu ndio wanaozaa. Mwaka unaofuata unachanganya dawa ile ile kwa kipimo kamili, na kupe wanatembea juu ya ng'ombe kama hawakuogeshwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemfukuza mtu kazi kwa sababu hiyo, tena nikamtukana mbele ya wenzake, kwamba mtu anayepunja dawa anaua boma la mwenziwe polepole.

"Basi," daktari akasema, "ndivyo ilivyo mwilini."

Josho la mama yangu nililichanganya mimi, nikamwita kila mtu aje aone lilivyo zuri.

Kwa lile fungu alilochambua alijua dawa zipi asipoteze muda nazo. Alipiga simu kwa mwenzake wa Eldoret, wakazungumza kwa Kiingereza na majina marefu, na jioni ile ile akabadilisha sindano. Akaniambia ukweli wake bila kuuzungusha: zimebaki njia mbili, hii na nyingine moja ambayo Kitale haipo, na hii ina ukali kwa figo, kwa hivyo atakuwa akimpima damu. Kama kesho kutwa homa haijashuka, nimpeleke Eldoret.

Mimi ambaye nimeng'ang'ana na madalali wa mpakani Suam bila kupepesa jicho, nilikaa kwenye benchi ya ile korido kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mke wangu aliniletea uji. Hakuniambia "si nilikuambia." Hilo nalo namshukuru.

Siku iliyofuata homa ilipungua kidogo, ikapanda, ikapungua tena. Asubuhi ya pili nikamkuta mama ameinuliwa na mito miwili. Akanitazama mashavu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali, "Papa, mbona umekonda? Huyo mke wako hapiki?"

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya kinu, vumbi la unga likaniangukia begani, nikalia mpaka mfanyakazi mmoja wa kinu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia, "Hapana bana, sijafiwa." Nikairudia kwa sauti, sijafiwa, na yule mtu akaniacha na mambo yangu.

Majibu ya Eldoret yalipofika yalisema kile kile alichokuwa ameshakifanya. Daktari alinionyesha ile karatasi. Safu nzima ya dawa na mbele yake alama ileile, imeshindwa, imeshindwa, imeshindwa. Nyingi zilikuwa zimekaa kati ya vikombe vyetu vya wageni. Sijui kusoma Kiingereza vizuri, lakini ile karatasi niliielewa.

Mama alidungwa mpaka sindano ya mwisho. Siku za mwisho za tiba alikuwa nyumbani kwangu, na daktari alipita kila asubuhi kabla ya kufungua kliniki, na mkoba wake. Mama alimsumbua sana.

"Daktari, sina homa tena. Zilizobaki niwekee, nitaenda nazo."

"Mama, haziwekwi."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ukibakisha, unabakisha na ugonjwa."

"Eh! Sasa wageni nitawaonyesha nini?"

"Waonyeshe figo zako."

Walicheka wote wawili, na mimi mlangoni nikajifunza namna ya kumkatalia mama yangu, jambo ambalo maishani mwangu sikuwa nimewahi kulifanya.

Siku aliyoandikiwa kurudi Chwele nilimpelekea daktari ndama jike, wa ng'ombe wangu bora kabisa, nimemuosha na kumfunga kamba mpya. Akatoka nje akamtazama, akamsifu, akasema hana mahali pa kumweka. Nikasema nitamjengea banda. Akacheka, akanitazama juu hadi chini.

"Mzee, unapenda kuzungumza mbele za watu?"

"Napenda," nikasema. Kwa nini nidanganye?

"Kule kwenu wanakusikiliza?"

"Sana. Mimi nikisimama kanisani hata mchungaji anakaa."

"Basi kawaambie. Wewe watakusikiliza kuliko mimi. Mimi nikisema, wataona nawanyima."

Jumapili hiyo nilisimama kanisani kwetu, nimevaa suti. Nilianza kwa kuwaambia nilikotoka, magunia na vitunguu na Endebess, kwa sababu ni lazima watu wajue anayezungumza ni nani. Halafu nikawaambia kwamba mtu huyo huyo karibu amuue mama yake kwa zawadi. Nikaeleza kabati, vidonge viwili viwili, kupe na josho, uongo wangu wa "za maumivu tu," na yule mwanamke wa vyumba vitatu aliyeujua mwili wa mama yangu kuliko mimi niliyetoka ndani yake. Nikawaambia kila boma litafute daktari mmoja wa kulijua, na akikunyima dawa, mshukuru, kwa sababu anakuwekea ile ambayo siku moja utaihitaji kweli. Kanisa lilikuwa kimya mpaka nikasikia mtoto akitafuna kitu. Nilizungumza vizuri. Hata maadui wangu walisema hivyo.

Baada ya ibada walinizunguka nje. Mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye anazo za mwaka juzi chini ya godoro, azipeleke wapi? Mwingine akauliza, na ile ya kuku je? Yule jirani yetu alikwenda nyumbani kwa miguu akarudi na mfuko uliofungwa mara tatu, akanikabidhi bila kunitazama usoni. Kufikia saa ya chakula nilikuwa na mifuko mingi kwenye buti ya gari, yote ya kumpelekea daktari aiteketeze, na nikajiambia hakuna kijana mwingine wa Chwele aliyewahi kuondoka nyumbani na mzigo kama huo.

Mama alikuwa ameketi kiti cha mbele, kitambaa chake cha kanisa kichwani, mdomo ameukunja. Nikawasha gari. Nikamuuliza, "Mayi, umeonaje maneno yangu?"

"Maneno ni mazuri."

"Sasa mbona umenuna?"

"Ilikuwa lazima useme mkojo?" Akanigeukia. "Mbele ya mchungaji? Mbele ya wale wamama wa kwaya? Si ungesema tu tumbo? Watu wote sasa wananitazama hapa chini! Mtu mzima na suti yake, mkojo, mkojo, mkojo, mara tano nimehesabu!"

"Pole, Mayi."

"Pole ya nini, na umeshasema? Na hiyo sauti yako ilivyo kubwa! Ulitoa wapi hiyo sauti? Babako alikuwa mtu wa kunong'ona..."

Aliendelea hivyo, na nyumbani si mbali. Nilipofika njia panda ya kwetu sikukata kona, sauti hiyo sikutaka ikome. Nilinyoosha nikapita soko, nikaendelea polepole na barabara ya lami, yeye akinigombeza kwa nguvu zake zote na hata asione kwamba tumeipita nyumba.